Mwami Mwezi Gisabo: Nani Aliyemwona kwa Macho Yake?

Katika kambi moja isiyo mbali na mji wa Gitega tulikabidhiwa kazi ya kuandaa onyesho dogo la historia. Amri ilisema kwamba vijana kumi na wawili wavae kama walivyovaa wapiganaji wa Mwami Mwezi Gisabo, na wa kumi na tatu avae kama Mwami mwenyewe. Kazi ilionekana nyepesi. Tuliletewa picha ya zamani iliyokuwa imetundikwa ukutani katika ofisi moja, na chini yake pameandikwa jina la Gisabo. Tukaletewa pia vitambaa vyekundu, vyeupe na vya kijani, vile wavaavyo wapiga ngoma. Nasi tukatosheka. Lakini alikuwapo sajenti mmoja mstaafu, mwenyeji wa Muyinga, aliyetazama mazoezi yetu kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, bendera ya nchi yetu ilipandishwa lini? La pili, jengo lionekanalo nyuma ya huyo Mwami pichani lilijengwa na nani, na mwaka gani?

Majibu hatukuwa nayo siku ile, na tulipoyapata tuliona haya. Nyekundu, nyeupe na kijani ni rangi za bendera ya taifa lililopata uhuru mwaka 1962. Na lile jengo ni boma la Gitega, ambalo Wajerumani walilianza mwaka 1912 walipohamisha makao ya utawala wao kutoka Usumbura. Mwezi Gisabo alifariki mwezi wa Agosti 1908. Basi mtu aliye pichani, awaye yeyote, si yeye. Na vijana wetu kumi na wawili walikuwa wamevikwa nguo ambazo Gisabo hakupata kuziona maishani mwake.

Tangu siku hiyo tumejitahidi kuyasoma maisha ya Mwami huyu kama mpelelezi asomavyo jalada la kesi. Polisi mwenye uzoefu, kabla ya kumwuliza shahidi aliona nini, humwuliza kwanza alisimama wapi. Tunayaeleza hapa kwa askari na polisi wenzetu kwa kuwa kazi hiyo si ngeni kwao, na kwa kuwa Gisabo ni mtu ambaye kila mmoja wetu hudhani anamjua.

Gisabo alikuwa mwana wa Mwami Ntare Rugamba, yule aliyeipanua Burundi kupita wafalme wote waliomtangulia. Igisabo kwa Kirundi ni kibuyu cha kusukasukia maziwa yatoe siagi, chombo cha kila nyumba yenye ng'ombe. Alirithi ngoma, yaani ufalme, angali mtoto, wapata mwaka 1852 kama wengi waandikavyo, na ndugu yake mkubwa Ndivyariye akashika hatamu kwa niaba yake. Mtoto alipokuwa mtu mzima, mlezi hakuona vyema kuziachia hatamu hizo, ikawa ugomvi na vita kati ya ndugu, na Gisabo akashinda. Hayo yote yalitukia kabla Mzungu yeyote hajakanyaga milima ya katikati ya nchi. Yametufikia kwa mdomo, kutoka kwa watu wa upande ulioshinda. Nao Ndivyariye hawakumwachia nafasi kubwa ya kujitetea.

Hata nambari ya Mwami huyu ni jambo la kuchunguzwa. Wafalme wa Burundi walipokezana majina manne kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Vitabu vingi humwita Gisabo Mwezi wa Nne, kwa kuwa huhesabu mizunguko minne ya majina hayo. Watafiti wa baadaye, baada ya Jan Vansina kukusanya masimulizi mengi mwishoni mwa miaka ya 1950, walitilia shaka orodha hiyo ndefu. Wengi wao huona mizunguko miwili tu, na kwa hesabu yao Gisabo ni Mwezi wa Pili. Mtu atasema kwamba vitabu kumi vimeandika Mwezi wa Nne. Naam, lakini vitabu kumi vikinakili orodha moja iliyoandikwa wakati wa ukoloni, aliyesema ni mmoja tu, na wale tisa wamerudia sauti yake.

Makao ya Gisabo yalikuwa hasa pande za Muramvya na Bukeye, ingawa Mwami alikuwa na maboma mengi na hakukaa mahali pamoja. Karibu na Gitega kuna Gishora, ambapo husimuliwa kwamba alijenga baada ya kumshinda mkuu mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Na hapo zimehifadhiwa ngoma mbili mashuhuri, Ruciteme na Murimirwa. Mtu akimwuliza mwenyeji wa Gishora habari za Gisabo, atasikia habari za mshindi. Lakini tulipofika Muyinga pamoja na yule sajenti mstaafu, mambo yalibadilika. Kaskazini-mashariki ilikuwa nchi ya Batare, watoto na wajukuu wa Ntare Rugamba, ambao hawakupenda kuwapisha Bezi, yaani watoto wa Mwezi. Wazee waliotupokea hawakutusimulia habari za Mwami wa Gishora. Walitusimulia habari za mababu zao, na za Mwami wa mbali ambaye amri yake ilifika kwao imekwisha kuchoka njiani. Hakuna miongoni mwao aliyemwona; nao wa Gitega vile vile hawakumwona. Kila upande umerithi kumbukumbu pamoja na shamba, na mpaka wa shamba hulindwa.

Tukumbuke hayo tufikapo mwaka 1892. Katika miezi ya Septemba na Oktoba ya mwaka huo Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na Wajerumani, alivuka Ruvubu akitokea Ushubi, akaingia Burundi kwa upande huo huo wa kaskazini-mashariki. Huyu ni shahidi ambaye mahakama yoyote ingempokea kwa furaha: alikuwapo mwenyewe, alikuwa mwanajiografia aliyefunzwa kupima na kuandika, na kitabu chake kilitoka mwaka 1894, kumbukumbu zingali mbichi. Naye aliandika kwamba watu walimlaki kwa shangwe kama Mwezi aliyerudi, na kwamba wafalme wa nasaba hiyo walikwisha kutoweka. Aliandika hayo wakati Gisabo alikuwa na miaka arobaini katika ufalme, yu hai, akitawala kwa mwendo wa siku chache tu kutoka njia aliyopita mgeni huyo!

Je, Baumann alisema uongo? Hatudhani. Makundi ya watu waliomzunguka wakicheza aliyaona kweli, na alipoeleza mikuki, pinde na ngozi walizovaa tuna sababu ya kumsadiki, maana hakuwa na faida yoyote ya kuzibuni. Kosa lake lilianza pale alipotoka kwenye yale aliyoyaona akaingia katika yale aliyoyakisia. Alipita nchi ambayo Mwami hakuwa na nguvu nyingi, akayasikia mambo kwa njia ya wakalimani, akahukumu nchi nzima kwa ukingo wake. Shahidi mmoja katika kitabu kimoja aweza kuaminika ukurasa huu na kupotosha ukurasa unaofuata.

Gisabo kwa upande wake hakufanya lolote la kumsahihisha. Aliepuka kuonana na Wazungu kadiri alivyoweza, na siasa hiyo ilikuwa na sababu. Katika miaka ya 1880 alikwisha kukabiliana na hatari iliyotoka ziwani: Mohammed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, tajiri wa Ujiji aliyekuwa na bunduki nyingi na aliyetaka kupanda kutoka Uzige hadi milimani. Watu wa Gisabo walimzuia. Hapo ndipo husikika sifa za Abadasigana, jina ambalo maana yake ni wasioachana, wale wapiganaji waliomfuata Mwami kwa uaminifu. Walipigana kwa mikuki na mishale katika miteremko waliyoijua vilima kwa vilima, dhidi ya watu waliozoea tambarare. Kwa hiyo mwenye ufalme huo hakuwa na haraka ya kumfungulia mlango mgeni mwingine mwenye bunduki.

Wajerumani walijenga kituo Usumbura mwishoni mwa karne hiyo, na mapadri Wazungu wakafungua misheni Muyaga mwaka 1898 na Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899. Miongoni mwao alikuwapo Padri van der Burgt, Mholanzi, ambaye kamusi yake ya Kifaransa na Kirundi, iliyochapishwa mwaka 1903, imejaa habari za desturi, mavazi na silaha. Huyu alikaa na watu na alijua lugha yao. Ni faida kubwa ambayo Baumann hakuwa nayo. Lakini alikuwa padri aliyetaka kupewa ardhi na ruhusa ya kuhubiri, na Mwami ndiye aliyemnyima. Tunayaamini majina yake ya vitu kuliko hukumu zake juu ya watu.

Sasa twaja kwenye mwaka 1903, na kwa shahidi aliye mwanajeshi mwenzetu. Kapteni Robert von Beringe, mkuu wa kituo cha Usumbura, aliondoka na askari wake kwenda kumpiga Gisabo, ingawa Gavana von Götzen hakutaka vita hivyo. Alisaidiwa na maadui wawili wa Mwami: Maconco, aliyekuwa mkwewe, na Kilima. Makao ya Mwami yalichomwa moto, mwenyewe akakimbia kutoka kilima hata kilima, na tarehe 6 Juni 1903 huko Kiganda akakubali masharti: kuwatambua Maconco na Kilima kuwa wakuu wanaojitegemea, kuacha kuisumbua misheni na njia za wageni, na kulipa faini ya ng'ombe 424.

Ripoti ya ushindi huo imeandikwa na mshindi, na tena mshindi aliyevunja maagizo. Ili asilaumiwe ilimpasa aonyeshe kwamba adui alikuwa mkorofi sana na hatari ilikuwa kubwa sana. Na hata hivyo alilaumiwa, akaondolewa. Kwa hiyo panaposemwa habari za ukaidi wa Gisabo na wingi wa watu wake tunasoma polepole. Ng'ombe, la, ng'ombe wa faini huhesabiwa, na hesabu yake huangaliwa na mkubwa. Hapa tuna jambo la kuongeza, ingawa liko nje kidogo ya njia yetu. Kapteni huyo huyo, tarehe 17 Oktoba 1902, alimpiga risasi sokwe mkubwa juu ya mlima Sabinyo, akapeleka mabaki yake Berlin; wataalamu wakayachunguza, wakaona ni aina ambayo hawakuijua, wakaiita kwa jina lake. Kuhusu sokwe hatulazimiki kumwamini kwa neno lake, maana mifupa ilifika mezani. Kuhusu Mwami, neno lake ndilo pekee lililofika.

Turudi kwenye mavazi, kwa kuwa ndiyo yaliyotuingiza katika shauri hili. Kwa upande wa askari wa Kijerumani, ambao wengi wao walikuwa Waafrika, mtu hudhani kazi ni rahisi: kulikuwa na kanuni zilizoandikwa na picha zilizopigwa. Koti na suruali za kaki, vitambaa vya kufunga miguu, tarabushi lililofunikwa kwa kaki lenye kitambaa cha kuziba shingo jua na tai wa chuma mbele. Bunduki ilikuwa Mauser ya mwaka 1871, iliyotoa moshi mwingi. Lakini kanuni husema askari avae nini. Haisemi alivaa nini. Picha nazo zilipigwa kwenye gwaride, jua likiwaka, kila mtu amesimama wima na vifungo vyake. Nani kati yetu amepata kupigwa picha baada ya wiki tatu za mvua milimani? Zipo na kadi za posta zenye rangi, ambazo rangi zilitiwa Ulaya na fundi aliyekuwa na picha nyeusi na nyeupe mkononi na askari hajapata kumwona. Wekundu wa tarabushi katika kadi kama hiyo ni ushahidi juu ya rangi za yule fundi.

Wenzetu wanaochunguza majeshi ya Napoleon, aliyeitawala Ufaransa hadi mwaka 1815, wana taabu hiyo hiyo, ingawa karatasi zao ni nyingi mara elfu kuliko zetu. Mfano mmoja umetusaidia sana. Mchoraji David alimchora Napoleon akivuka milima ya Alps mwezi wa Mei 1800, juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Kwa kweli Napoleon alipanda nyumbu, naye hakukaa mbele ya mchoraji. Wengi hapo huitupa picha yote. Wakosea, maana David aliazima sare na kofia aliyovaa Napoleon katika vita vya Marengo mwaka huo huo, akazichora kutoka vitu vyenyewe. Farasi ni wa sifa. Koti ni la kweli. Karibu miaka hamsini baadaye mchoraji mwingine, Delaroche, alimchora juu ya nyumbu, uso umechoka na baridi. Nyumbu ni wa kweli. Lakini Delaroche alikuwa mtoto wa miaka miwili siku safari ile ilipofanyika, na uchovu wa uso ule aliukisia. Kwa hiyo hatuwezi kuuliza tu kama picha ni ya kweli. Twapaswa kuuliza juu ya koti, juu ya farasi, juu ya uso, kila kimoja peke yake.

Tulipoyapima mambo ya Gisabo kwa namna hiyo, ukungu ulipungua. Kwamba Warundi wa wakati wake walivaa nguo za magome ya miti, ambazo kwa Kirundi huitwa impuzu, pamoja na ngozi, hilo husemwa na msafiri aliyepita, na padri aliyekaa, na wazee wa pande zote mbili, Gitega na Muyinga, ambao hawakubaliani karibu kwa jambo jingine lolote. Mashahidi wasiopatana wakipatana, tunawaandika. Vitambaa vya pamba kutoka pwani vilikuwa vimeanza kuingia kwa njia ya biashara, lakini vilikuwa mali ya wakubwa. Kwamba wapiganaji walikuwa na sare moja kama kikosi cha leo, hilo hatukulikuta kwa shahidi yeyote wa wakati ule. Mtu aliitwa vitani akaja na mkuki wake na nguo yake ya kila siku.

Katika Jumba la Makumbusho la Gitega, lililoanzishwa mwaka 1955, mtu aweza kujifunza mengi kwa macho, ila akumbuke mambo mawili. Chuma hudumu, gome la mti huoza. Kwa hiyo vitu vilivyobaki havionyeshi uwiano wa vitu vilivyokuwapo. Na kati ya kifo cha Gisabo na kufunguliwa kwa jumba hilo ilipita miaka arobaini na saba. Kitabu kikubwa cha Hans Meyer juu ya Warundi, kilichotoka Leipzig mwaka 1916, nacho kina tahadhari yake. Meyer, yule aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, alipita Burundi mwaka 1911. Alikuwa mtazamaji makini, lakini alitazama nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani kwa miaka minane, ambayo wapiganaji wake walicheza mbele ya wageni badala ya kupigana. Mchezaji hujipamba kuliko mpiganaji. Ngozi na manyoya ya siku ya ngoma yasichukuliwe kuwa vazi la siku ya kukimbizwa kutoka kilima hata kilima.

Miaka mitano ya mwisho ya Gisabo husimuliwa kwa haraka mno, kana kwamba aliangukia Kiganda asiinuke tena. Sivyo. Von Grawert, aliyeshika Usumbura baada ya Beringe, aliona kwamba nchi haitawaliki bila Mwami, akageuza siasa yote. Maconco, yule aliyewaongoza Wajerumani mwaka 1903, aliuawa na Wajerumani hao hao mwaka 1905, na Kilima naye akakamatwa na kuhamishwa nchini. Mwami mzee akabaki, na maadui zake wawili wakaondolewa na mkono uliowapandisha. Je, alishinda au alishindwa? Ripoti za mwaka 1903 zasema alishindwa. Ripoti za mwaka 1906 zamwita mtawala wa nchi nzima, hata wa pande za Batare ambako amri yake haikuwa imefika kwa nguvu. Wajerumani walihitaji mfalme dhaifu mwaka ule na mfalme mwenye nguvu mwaka huu, na kalamu ikafuata haja. Sisi tunaona kwamba mtu aliyetawala zaidi ya miaka hamsini, akamzuia Rumaliza, akawakwepa Wazungu kwa miaka kumi na zaidi, na akafa akiwa bado Mwami, hapimwi kwa siku moja ya Kiganda.

Alipofariki mwaka 1908, alirithiwa na mwanawe Mutaga, kijana mdogo, na mamlaka mengi yakawa mikononi mwa mama yake kijana huyo, Ndirikumutima. Mutaga ndiye aliyekuwa Mwami boma la Gitega lilipojengwa, naye alifariki mwaka 1915. Picha yoyote yenye Mwami kijana na ukuta huo nyuma yake, ya kabla Wabelgiji hawajaja, itafutwe kwanza kwake.

Onyesho letu lilifanyika kwa kuchelewa wiki mbili. Vitambaa vya rangi tatu tulivirudisha kwa wapiga ngoma, ambao ndio wenyewe na huvivaa kwa heshima. Vijana kumi na wawili walivaa magome ya miti, kila mmoja kwa namna yake, na mikuki isiyolingana kwa urefu. Ofisa mmoja alilalamika kwamba hawafanani na jeshi. Wa kumi na tatu, aliyekuwa awe Mwami, tulimweka nyuma ya uzio wa matete, asionekane na watazamaji. Yule sajenti wa Muyinga alikuja akasimama mbele ya uzio huo, akacheka, akapiga saluti. Picha ya ofisini tuliirudisha ikiwa na maandishi mapya chini yake: boma la Gitega, baada ya mwaka 1912.